Bahari inavyokula fukwe na jinsi Arusha inavyohusika

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MKAZI wa Sombetini, kata iliyo upande wa magharibi wa katikati ya Jiji la Arusha, anaweza kuishi miaka mingi bila kuiona bahari. Kutoka hapo hadi mji wa Pangani, mkoani Tanga, ni safari ya zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, na habari za minazi kuangushwa na mawimbi humfikia kama habari za watu wa mbali.

Hata hivyo, maji yanayopita karibu na mlango wake kila masika yana safari ya kuelekea hukohuko. Mvua inayonyesha katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru hushuka kwenye makorongo na mifereji ya jiji, ikaingia katika mito kama Themi, na hatimaye ikaufikia Mto Kikuletwa.

Kikuletwa hukutana na Mto Ruvu, unaotoka upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe, katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Mto unaotoka chini ya bwawa hilo ndio unaoitwa Pangani. Hupita katika kinamasi cha Kirua, ukashuka Korogwe na Hale, kisha ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, baina ya mji wa Pangani na kijiji cha Bweni. Bonde lake zima lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 43,000, na sehemu ndogo yake imo nchini Kenya.

Kazi ya mto huu katika kumwagilia mashamba na kuzalisha umeme inafahamika kwa kila mtu. Kazi yake nyingine haizungumzwi sana, nayo ni kubeba mchanga. Bila kuielewa kazi hiyo ni vigumu kueleza kwa nini fukwe za Tanzania, kuanzia Pangani hadi Kunduchi na Kigamboni, zimekuwa zikirudi nyuma, na kwa nini kuta za zege zinazojengwa kuzilinda hutatua sehemu moja tu ya tatizo.

UFUKWE NI HESABU YA MCHANGA

Watu wengi huuona ufukwe kama mpaka uliokwisha kuwekwa, nchi kavu upande huu na maji upande ule. Wavuvi wanajua kwamba sivyo ulivyo. Mchanga wa pwani husafiri daima. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi hupiga kwa mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi inapoingia, sehemu ya mchanga huo hurudishwa kusini.

Kwa hiyo ufukwe unaweza kupungua upana katika miezi ya kusi na kujaa tena baadaye, bila hasara yoyote. Mtu aliyeuona mwezi Agosti tu anaweza kudhani umekwisha, na aliyeuona Januari tu akadhani hauna tatizo.

Mmomonyoko wa kweli huanza pale hesabu ya mwaka inapokosa ulinganifu, yaani mchanga unaoondoka unapokuwa mwingi kuliko unaoingia. Unaoingia hutoka katika vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni mito, inayoleta chembe za miamba iliyosagika huko bara. Cha pili ni bahari yenyewe, ambako matumbawe, makombe na aina fulani za mwani wenye chokaa huvunjika na kuwa mchanga. Ndiyo maana mchanga wa fukwe nyingi za Unguja ni mweupe, ilhali ule ulio karibu na midomo ya mito ya Bara una rangi ya kahawia.

Chanzo kimoja kikizibwa, bahari haisimami kusubiri. Mawimbi huendelea kuchukua kiasi kilekile cha kila siku, na yasipokuta mchanga mpya huchukua ule uliokuwapo, kisha mizizi ya minazi, kisha msingi wa nyumba.

UDONGO UNAOKWAMA NJIANI

Jambo la kushangaza katika bonde la Pangani ni kwamba huko juu udongo unaochukuliwa na maji ni mwingi kupita kiasi. Arusha haina upungufu wa makorongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, mmomonyoko wa ardhi na ujazo wa bwawa dogo la Kisongo, magharibi mwa Arusha, ulichunguzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kuwa bwawa hilo lilikuwa likijaa udongo kwa kasi, kutokana na ardhi ya malisho iliyobaki bila nyasi za kutosha kuishika.

Udongo huo haukufika baharini, bali ulibaki Kisongo.

Hali hiyo hujirudia kwa ukubwa zaidi Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo, lililo katika mpaka wa mikoa ya Kilimanjaro na Manyara, lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme, umwagiliaji na udhibiti wa mafuriko. Maji ya mto yanapoingia katika ziwa pana hupoteza kasi, na maji yasiyo na kasi hayawezi kubeba mzigo. Mchanga mzito huzama kwanza, tope laini hufuata. Yanayotoka upande wa pili wa ukuta ni maji yaliyokwisha kutua mzigo wake.

Hapa inafaa kuwa mwangalifu. Hata kabla ya bwawa hilo kujengwa, kinamasi cha Kirua kilikuwa kikinasa sehemu ya udongo wa juu. Aidha, mito ya Mkomazi na Luengera huingia Pangani chini ya bwawa ikiwa na udongo kutoka milima ya Pare na Usambara. Lakini nayo ikishajiunga na Pangani hukutana na mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, na ya Pangani, iliyozinduliwa mwaka 1995 ikiwa na uwezo wa megawati 68. Si haki, basi, kulitupia bwawa moja lawama zote. Lililo wazi ni kwamba kila kizuizi kinapunguza sehemu fulani ya mchanga ambao zamani ulikuwa na njia ya kufika pwani.

Mfano ulio maarufu zaidi barani Afrika ni wa Mto Nile. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, tope lililokuwa likiijenga delta ya Misri kwa maelfu ya miaka lilibaki nyuma ya ukuta. Katika rasi ya Rashid, pwani ilirudi nyuma kwa makumi ya mita kila mwaka hadi serikali ya nchi hiyo ilipolazimika kujenga kuta za kuikinga.

Tanzania sasa ina sababu yake ya kuusoma mfano huo kwa makini. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, mradi wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mitambo yake ya kwanza ikaanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Chini yake kuna delta ya Rufiji yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki. Umeme huo ulihitajika sana, na hakuna anayeweza kulikataa hilo kwa uaminifu. Lakini delta ni mchanga na tope vilivyoletwa na mto, na kuipima pwani ya huko mwaka hadi mwaka ni kazi isiyofaa kungojea minazi ianze kuanguka.

MALORI YA MCHANGA WA KUNDUCHI

Kama mabwawa yanauzuia mchanga kimyakimya, kaskazini mwa Dar es Salaam uliondolewa mchana kweupe. Katika miaka ya 1970 na 1980 jiji lilipokuwa likipanuka, mchanga wa kujengea ulichotwa kutoka katika vijito vinavyoteremkia pwani ya Kunduchi, vikiwamo Mbezi na Tegeta. Tafiti za miaka ya 1980 katika eneo hilo zilikitaja kitendo hicho kuwa miongoni mwa sababu kuu za ufukwe wa Kunduchi kurudi nyuma.

Mantiki yake ni nyepesi. Kijito kidogo ambacho kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kikavu huonekana hakina kazi, na mchanga uliolala ndani yake huonekana ni mali isiyo na mwenyewe. Kumbe unangojea mvua kubwa moja ili usukumwe hadi baharini. Tipa likiuchukua kabla ya mvua hiyo, nyumba ya mtu mmoja hupanda Tegeta na ufukwe wa mwingine hushuka Kunduchi, na wawili hao huenda wasijuane maisha yao yote.

Baadhi ya wenye hoteli za ufukweni walijitetea kwa kujenga kuta fupi za mawe zinazoingia baharini, ili zinase mchanga unaosafiri. Kuta hizo hufanya kazi, na tatizo lake linatokana na mafanikio hayohayo. Mchanga ulionaswa upande mmoja ni mchanga aliokuwa akiutegemea jirani wa upande wa pili. Jirani naye hulazimika kujenga ukuta wake, na hasara ikahamia kiwanja kinachofuata, hadi inapomfikia mtu asiye na fedha za kununua mawe. Mara nyingi mtu huyo huwa ni mvuvi.

UKUTA UNALINDA NINI

Juhudi kubwa zaidi za serikali zilifanyika katika miaka ya 2010. Kupitia Ofisi ya Makamu wa Rais, Tanzania ilipata kiasi cha dola za Marekani milioni 5 kutoka Mfuko wa Kimataifa wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, chini ya usimamizi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP). Fedha hizo ziligharimia, pamoja na mambo mengine, ukuta wa bahari katika Barabara ya Barack Obama, iliyokuwa ikiitwa Ocean Road kabla ya ziara ya kiongozi huyo wa Marekani mwaka 2013, na mwingine katika eneo la Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kigamboni. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2018.

Mji wa Pangani nao ulijengewa ukuta mpya kwa msaada wa mfuko mwingine wa kimataifa, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umechakaa na kubomoka. Visiwani, ukuta wa Mizingani mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa upya katika miaka hiyohiyo kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Kuta hizo zilikuwa za lazima. Nyuma ya ule wa Dar es Salaam kuna barabara kuu, Taasisi ya Saratani Ocean Road na, hatua chache mbele, Ikulu. Nyuma ya ule wa Pangani kuna mji wenye karne nyingi za historia, uliojengwa karibu sana na usawa wa maji. Mahali kama hapo hapahamishiki, na kuwaambia wakazi wangojee mikoko ikue kungekuwa mzaha.

Lakini inafaa msomaji ajue ukuta unafanya nini na haufanyi nini. Wimbi linalopanda ufukwe wa mchanga hupoteza nguvu kidogo kidogo na kurudi likiwa dhaifu. Wimbi linalopiga zege hurudi na sehemu kubwa ya nguvu yake, na katika kurudi huuchimba mchanga ulio chini ya ukuta. Kadiri miaka inavyopita, ufukwe ulio mbele yake huweza kushuka na kutoweka kabisa, msingi ukabaki wazi, na ukarabati ukahitajika. Pale ukuta unapoishia, bahari huanza kula pembeni.

Kwa maneno mengine, ukuta hulinda kilicho nyuma yake. Ufukwe wenyewe hauna ulinzi, na mchanga hauongezeki hata debe moja. Waholanzi, ambao wamejenga kuta za bahari kwa muda mrefu kuliko watu wengi, mwaka 2011 walijaribu njia nyingine karibu na mji wa Den Haag. Walimwaga mita za ujazo zaidi ya milioni 21 za mchanga mahali pamoja, kisha wakayaacha mawimbi na upepo viusambaze kandokando ya pwani. Ni njia nzuri kwa nchi yenye meli za kunyonya mchanga na bajeti ya kuzilipia.

NGAO ZISIZO ZA ZEGE

Kwa nchi isiyo na bajeti hiyo, ngao ya bei nafuu ni ile iliyokuwapo tangu awali. Mwamba wa matumbawe huvunja wimbi mbali na pwani kabla halijafika mchangani. Nyasi bahari hushika mchanga wa chini. Mikoko, kwa mizizi yake ya mkoko na mchu, hupunguza kasi ya maji na kunasa tope, hata ardhi ikaongezeka badala ya kupungua.

Ngao hizo zote zimepigwa. Matumbawe yalichimbwa na kuchomwa ili kupata chokaa ya kujengea. Uvuvi wa baruti uliyavunja kwa miongo kadhaa, kisha joto la bahari la mwaka 1998 likayapausha na kuyaua mengi kuanzia Mafia hadi Zanzibar. Mikoko ilikatwa kwa ajili ya boriti, kuni na mkaa, na katika baadhi ya maeneo ya Tanga ilifyekwa ili kupisha mashamba ya chumvi. Kisheria, mikoko yote ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na mradi uliojenga kuta za Dar es Salaam ulipanda pia mikoko. Miche hiyo haipigiwi picha kama ukuta unavyopigiwa, na mingi inayopandwa mahali pasipofaa hufa.

Juu ya yote hayo kuna kupanda kwa kina cha bahari. Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilieleza kuwa wastani wa kina cha bahari duniani uliongezeka kwa sentimita 20 baina ya mwaka 1901 na 2018, na kwamba baina ya mwaka 2006 na 2018 kasi ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka.

Mtu anayeona bahari ya Dar es Salaam ikipanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua anaweza kuuliza milimita tatu zina uzito gani. Uzito wake ni kwamba bamvua, ambayo zamani iliishia kwenye mizizi ya mvinje wa mwisho, sasa inaanzia juu kidogo. Siku moja yenye bamvua, upepo mkali na mawimbi makubwa vikikutana huweza kufanya uharibifu wa miaka kumi. Kimbunga Hidaya kilichoifikia pwani ya Mafia Mei 2024 kilikumbusha kuwa vimbunga si jambo lisilowezekana katika pwani hii, ingawa ni wazee wachache tu wanaokikumbuka kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952.

MITA 60 ZA ARUSHA NA ZA PANGANI

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa au ukingo wa mto. Kipimo ni kimoja, awe mtu anajenga hoteli Kunduchi au analima mboga kwenye kingo za Themi.

Katika Jiji la Arusha, kama ilivyo katika miji mingi, mita hizo zimekuwa ngumu kuheshimiwa. Viwanja ni vidogo, watu ni wengi, na ukingo wa korongo huwa ndiyo ardhi ya bei ambayo mtu wa kipato cha chini anaweza kuifikia. Kingo zikishalimwa au kujengwa, udongo laini huteremka kwa wingi masika, ukaziba mifereji na kujaza mabwawa. Nao mchanga mzito, ambao pwani ungeuhitaji, huchotwa kwa ajili ya ujenzi.

Maji nayo yana hesabu yake. Kadiri mashamba ya umwagiliaji ya Arumeru na Hai yanavyochukua maji mengi, ndivyo mto unavyofika Pangani ukiwa dhaifu, na bahari huingia mtoni kujaza nafasi. Wakulima wa sehemu za chini za mto wameona maji ya chumvi yakipanda hadi kwenye mashamba yao ya mpunga na minazi. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, ndiyo yenye jukumu la kugawa maji hayo. Vibali vyake husomwa zaidi kwa jicho la mwenye mfereji kuliko la mwenye mnazi kule Bweni.

KISIWA KILICHOTOWEKA

Atakaye kuona hesabu ya mchanga inapofikia mwisho, anaweza kuchukua mashua kutoka Pangani hadi Maziwe. Hadi miaka ya 1970 kilikuwa kisiwa chenye msitu wa mivinje, na kilifahamika kuwa moja ya sehemu muhimu za kutagia kasa katika pwani ya Tanzania. Miti ilikatwa, mchanga ukabaki bila wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimetoweka. Watafiti waliochunguza kisa hicho baadaye walijadili pia uwezekano wa sababu za asili, kwa kuwa visiwa vya mchanga huhama. Ukataji wa miti, hata hivyo, umebaki kuwa maelezo yanayotajwa zaidi.

Maziwe ya leo ni fungu la mchanga ndani ya hifadhi ya bahari, linaloonekana maji yakitoka na kufunikwa yakijaa. Kasa bado hupanda kutaga hapo usiku, na kwa kuwa bamvua ingeyafunika mayai, wahifadhi huyachimbua na kuyavusha kwa mashua hadi ufukwe wa Ushongo, kusini mwa mlango wa Mto Pangani, ambako hufukiwa upya.